Sentimita Thelathini na Moja

Daktari Mukalay alimleta ndani ya kiroba cha unga,
kichwa nje, masikio yamelala.
"Wiki tatu tu, Mama Numbi. Mpaka apate wenyewe."
Wiki tatu zake nazijua.
Aliyetangulia alikaa tangu mvua ya kwanza
hadi maembe yalipokwisha sokoni.

Nikavua futi yangu ya kushonea,
nikampima shingo:
thelathini na moja.
Nikaandika ukutani kwa chaki,
chini ya kiuno cha bibi harusi wa avenyu ya pili.

Walimtoa soko la Ruashi, chini ya meza ya samaki,
alikokuwa akimwagiwa maji ya moto.
Habweki. Halii. Ukidondosha mkasi
anajibana nyuma ya mashine
hadi sakafu isahau.

Mama Kyungu akachungulia juu ya ukuta:
"Watoto wa watu wanalala njaa Katuba hii,
wewe unampikia mbwa bukari?"
Sikumjibu. Ana haki.
Nikasonga unga, nikachemsha vichwa vya samaki,
sahani ya kwanza nikawapelekea wajukuu zake,
ukoko tukagawana, mbwa na mimi.
Hilo nalo si jibu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu ya tatu nilimpa kitambaa.
Ya tisa akakubali kukilalia.
Ya kumi na tano, usiku, umeme umekatika,
baridi ya mwezi wa sita imeingia hadi ndani ya sindano,
nikahisi kitu kizito juu ya mguu wa pedeli.
Kidevu.
Nikaacha kushona. Sare za shule zikachelewa,
masista wakanikasirikia.

Jina simpi. Nimejifunza.
Wa kwanza nilimwita Sukari, nikamlilia miezi.
Jina ni msumari: ukishaupigilia
lazima utundike kitu.
Huyu namwita "wewe".
Wewe, njoo. Wewe, toka kwenye pamba.
Lakini nalitamka vibaya neno hilo,
taratibu mno,
kama jina.

Thelathini na nne. Thelathini na sita.
Ukuta unajaa chaki.

Mwezi wa nane akaja Kaumba, mlinzi wa bohari,
na binti yake anayetembelea gongo.
Binti hakusema kitu. Alikaa chini kwenye vumbi jekundu,
akalaza gongo pembeni, akatazama kwingine.
Sijui nani alimfundisha
kwamba anayeogopa hatazamwi.
Wewe akaenda mwenyewe.
Nilihesabu hatua. Kumi na moja.

Nilikuwa nimemshonea mkanda wa shingo kwa mabaki:
bluu ya sare, lasi ya bibi harusi,
kitenge cha msiba wa mume wangu.
Thelathini na nane, na tundu moja la ziada
kwa ajili ya kunenepa.
Sikuwasindikiza barabarani.
Nilikuwa na kazi.
Uongo. Nilikaa nimeshika futi.

Jumapili moja, natoka misa,
miguu ina akili zake,
nikajikuta Kisanga, mbele ya geti la bati,
nachungulia kwenye tundu kama mwizi.

Akabweka.

Sauti nene, mbaya, yenye kutu,
sauti iliyokaa miaka bila kutumiwa.
Alinibwekea mimi, mpita njia, niondoke mlangoni kwake,
kitenge cha marehemu kikitikisika kooni.

Nikaondoka.
Nilicheka hadi kwenye reli, mwanamke mzima
na kitabu cha nyimbo kwapani,
nacheka, nafuta macho, nacheka.

Nyumbani Daktari alikuwa amekaa barazani.
Kiroba miguuni pake kilikuwa kinasogea.
"Wawili," alisema,
bila kunitazama.